Kabla ya Matangazo ya Saa Saba

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Nasma alifikiri sauti ile imetoka redioni. Nani angepiga hodi porini, mahali pasipo mlango wala ukuta? Lakini redio ya mjomba wake, iliyoning'inia kwenye kijiti chini ya turubai, ilikuwa inaimba taarabu, na hodi ile ilitoka nyuma ya vichaka.

Kisha mtu akatokea mvuani. Alikuwa kijana, kifua wazi, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, ukanda umekatika. Matope yalimfika mapajani. Aliangaza macho kulia na kushoto kama anayetafuta nyumba, akaona turubai moja, moto uliojaa moshi, mzee mwenye panga na mwanamke aliyejifunga kanga juu ya suruali. Akakaa matopeni palepale.

"Shikamoo mzee," alisema huku anahema. "Nilisikia redio. Nikajua nimefika kijijini."

"Marahaba. Kijiji kiko ng'ambo ya mto," Mzee Rehani alijibu, panga bado mkononi. "Na mto tangu jana umekataa watu. Wewe nani?"

"Tomaso."

"Tomaso, unafanya nini kwenye msitu wetu?"

Kijana alilitazama panga. Unga wa mbao ulikuwa umemgandia nywelini na nyuma ya masikio, na mvua yote ile haikuweza kuumaliza. Nasma aliuona, kifua kikamjaa hasira. Hawa ndio watu waliokuwa wakiwatafuta. Kamati ya maliasili ya kijiji chao, upande wa bara kutoka Pande, iliwatuma Jumatatu wakague mpaka wa kusini wa msitu wa kijiji na kurudi kesho yake. Dhoruba ikaingia kutoka baharini Jumanne mchana, ikang'oa miti, ikajaza mto nyuma yao. Sasa ilikuwa Jumatano asubuhi. Simu zao zilikuwa zimelowa, zimekufa. Kamati ilikuwa na GPS moja tu, nayo zamu hii ilikuwa na kundi la kaskazini.

Walichokuwa nacho ni redio. Ilikuwa ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, imefungwa mpira wa baiskeli ili kifuniko kisidondoke, na antena yake ilikuwa spoki. Mzee Rehani hakuenda doria hata siku moja bila kuivaa shingoni. Nasma aliichukia.

"Doria gani hii ya kupiga taarabu, mjomba?" alikuwa amemuuliza walipoondoka. "Tunawapigia wezi honi."

"Mwizi akikimbia si ndiyo tunachotaka? Na tembo nao wakitusikia mapema watatupisha."

Jana jioni waliona nyayo za tembo, pana kama sinia, zimejaa maji. Kwa hiyo Mzee Rehani aliiacha redio ikiimba mpaka kulipokucha, kwa betri mbili alizokuwa nazo, bila nyingine ya akiba.

"Nina mwenzangu," Tomaso alisema ghafla, akaanza kulia bila kujificha. "Anaitwa Hussen. Mti umemwangukia tangu jana. Hayuko mbali sana, nimetembea tangu alfajiri tu. Nimemwambia nakuja na watu."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu, na tajiri. Upepo ulipoanza tajiri alipakia msumeno wa chenso kwenye pikipiki, akampakia na yule mwingine, akasema atarudi."

"Ameokoa chenso," Mzee Rehani alisema taratibu, "akaacha mtu."

"Mti mliouiba ndio umewalipa," Nasma alisema.

Maneno yalikuwa yameshatoka. Tomaso alimtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa, akaanza kufunga ukanda wa kandambili yake kwa kipande cha gome. Maneno hayo yangemrudia Nasma siku nyingi baadaye, kila akilala.

Mzee Rehani alikuwa ameshaanza kukunja turubai.

*

Walimkuta Hussen amelala pembeni ya gogo la mninga, amefunikwa majani ya mgomba-mwitu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ndevu ndio kwanza zinaota. Tomaso alikuwa amefaulu kumchomoa chini ya tawi kabla ya kuondoka, lakini paja lilikuwa limepondeka kuanzia nyonga, na damu iliyoganda ilikuwa nyeusi kama lami.

"Umerudi kweli," Hussen alimwambia mwenzake. "Mimi nilishasema huyu kaenda kula ugali."

Mzee Rehani alikata fito mbili, wakazifunga pajani kama gango kwa vipande vya shuka. Hussen aliuma kipande cha mti hadi kikavunjika. Walikata miti miwili mirefu zaidi, wakafunga turubai katikati, ikawa machela. Maji ya kunywa yalikuwa tele, mekundu kwa udongo. Waliyakinga kwenye dumu kutoka kwenye turubai, wakampa kidogo kidogo kwa kifuniko.

"Nyumbani hatuendi," Mzee Rehani alisema. "Mto ule hauvukwi na mtu mzima, sembuse machela. Tushuke kusini tukaitafute barabara kuu ya Lindi. Siku moja, labda moja na nusu."

Tomaso alishika mbele kwa mikono miwili. Nasma na mjomba wake walishika nyuma, kila mmoja mti wake. Hussen alikuwa mwembamba, lakini baada ya hatua mia moja alikuwa mzito kama gunia la korosho lililolowa.

"Dada," alimwita Nasma kutoka kwenye machela, "hii ni mara ya kwanza nabebwa tangu nitoke jandoni. Na siku ile waliimba. Nyinyi mbona hamwimbi?"

"Sisi ni kamati ya maliasili," Mzee Rehani alisema. "Tunakubeba kama kielelezo."

Hussen alicheka, kicheko kikakatika kwa maumivu. Nasma alitazama mbele, asikutane na macho yake. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini hakujua tena aielekeze wapi.

Walitembea mpaka giza, wakalala, wakaamka na kutembea tena. Jua halikutoka. Mbingu ilikuwa kijivu kotekote, mvua ikinyesha na kukatika, na miti iliyoanguka iliwalazimisha kuzunguka kila mara. Alhamisi, kama saa nne asubuhi, Nasma aliona maganda mapya ya mti chini, na fito mbili zilizokatwa zikabaki. Alisimama.

"Mjomba. Hapa ndipo tulipotengenezea machela."

Mzee Rehani aliyatazama maganda yale muda mrefu. Miaka thelathini alikuwa akijisifu kwamba msitu huu anaujua kama ua wa nyumbani kwake. Alikaa juu ya gogo la mninga, akavua kofia, akaikamua.

"Nimewazungusha," alisema. "Nisameheni."

 Hussen alikuwa amesinzia, uso umekuwa wa majivu, na harufu ya paja lile ilikuwa imeanza kubadilika. Ndipo Nasma akakumbuka kitu cha kijinga kabisa. Alimkumbuka mama yake, wakati wa taarifa ya habari, akimkaripia mtu yeyote aliyesimama kati ya redio na dirisha la upande wa Lindi: "Ondoka hapo, umeziba mawimbi!"

"Mjomba, nipe redio."

"Leo unaitaka?"

"Nipe."

Aliichomoa kwenye mfuko wake wa nailoni, akaiwasha, akaikumbatia kifuani. Redio Ghuba ya Lindi ilisikika kwa mbali, mtu anazungumza ndani ya kelele za mkwaruzo. Nasma akaanza kugeuka polepole, hatua moja moja, kama mtoto anayecheza peke yake. Sauti ilipanda. Sauti ikashuka. Akazidi kugeuka, sauti ikafifia, ikafa kabisa.

"Hapa mwili wangu umeiziba," alisema. "Kwa hiyo Lindi iko nyuma ya mgongo wangu."

Aligeuka tena tangu mwanzo. Ikafa palepale. Tomaso alikata alama kwenye mti ulioelekea mgongo wa Nasma, na Mzee Rehani, ambaye angeweza kusema mengi, alisema tu, "Zima. Betri hizo zimeimba usiku kucha kwa ujinga wangu."

Kuanzia hapo waliiwasha kwa dakika moja kila baada ya saa moja. Washa, kumbatia, geuka, zima. Kila mara sauti ilikuwa dhaifu zaidi, si kwa sababu walikuwa wanakwenda mbali bali kwa sababu betri zilikuwa zinakwisha. Kungekuwa na jua wangezianika. Badala yake Tomaso alizibana kwapani, moja huku na moja huku, akatembea na machela hivyohivyo.

*

Mchana ule, Nasma alipowasha redio kutafuta mwelekeo, aliangukia katikati ya matangazo ya saa saba. Matangazo ya vifo yalikuwa yamekwisha, yalifuata ya waliopotea.

"...wanatafutwa Nasma binti Shaaban, na mzee Rehani, mrefu kiasi, maji ya kunde, ana pengo meno ya mbele. Yeyote atakayewaona..."

"Pengo!" Mzee Rehani aliruka. "Mama yako amewapa pengo langu redioni! Mkoa mzima sasa unajua!"

Tomaso alicheka mpaka machozi. Hata Nasma alicheka, huku akimwona mama yake akilini, yuko dirishani na sikio kwenye redio. Akazima haraka. Ni Hussen peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa macho, anatazama majani juu yake.

"Saa hii mama yangu anasikiliza huko nyumbani," alisema. "Mingoyo. Hakosi matangazo ya saa saba. Anasikiliza misiba ya watu asiowajua, anawaombea mmoja mmoja."

"Mama mzuri," Nasma alisema.

"Hapana, dada, si hivyo." Alitafuta pumzi. "Baba alikwenda kufanya kazi ghala la korosho Mtwara. Akaugua siku mbili tu. Waliompeleka hospitali walikosa njia ya kutupata, wakatangaza. Mama alikuwa anachoma vitumbua. Nilikuwa nimesimama naye. Akasikia jina lote, na jina la babu, na kijiji. Aliendelea kugeuza vitumbua mpaka vikaungua vyote. Hakulia. Mpaka leo saa saba ikifika mkono wake unatetemeka, lakini kuacha kusikiliza hawezi."

Mvua ilikuwa imekatika. Mahali fulani ndege alikuwa anaita, akinyamaza, anaita tena.

"Mimi nikienda, asinisikie kule redioni. Mtu aende amwambie kwa mdomo. Akae naye kwanza."

"Utamwambia mwenyewe kwamba umevunjika mguu."

"Dada. Niahidi."

Nasma alifungua mdomo amwambie maneno ya kumpa moyo, yale ambayo watu huwaambia wagonjwa. Macho ya Hussen yalikuwa yanamngoja.

"Nimekuahidi," alisema.

Saa moja baadaye, wakishuka kwenye korongo lenye utelezi, mguu wa kulia wa Nasma uliteleza ukatua juu ya kisiki kilichokatwa mshazari. Kilipenya soli ya raba, kikaingia katikati ya vidole. Hakuachia machela. Alipofika chini ndipo alipotazama, akaona raba inajaa damu.

"Vua nikuone," mjomba wake alisema.

"Nikivua haitaingia tena. Funga juu yake."

Mjomba akaifunga kwa ukanda wa gome. Jioni Mzee Rehani alichimbua ming'oko kwa kijiti, mizizi myembamba iliyokuwa bado michanga, wakaichoma na kuila na majivu yake. Hussen alikataa chakula. Alikunywa maji tu, akauliza mara tatu kama kumekucha.

Kulipopambazuka Ijumaa, alimwita Mzee Rehani kwa jina la baba.

"Baba, niwashie redio kidogo. Nisikie watu."

Mzee Rehani alimtazama Nasma. Wote watatu walijua maana yake. Betri zilikuwa na uhai wa kugeuka mara tatu, labda nne. Kuzitumia sasa ni kuingia msituni vipofu. Na Nasma ndiye aliyeweka amri ya dakika moja.

"Muwashie," alisema.

Ilikuwa saa ya salamu za asubuhi. Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye kisimani, wakaiweka sikioni kwake. Fulani wa Nachingwea anamsalimu shemeji yake aliyeko Kilwa Masoko, na mjomba wake aliyelazwa, na wote wanaomfahamu. Fulani wa Mchinga anawasalimu wenzake wa kwaya. Hussen alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jina, na midomo yake ilikuwa inajibu, salama, salama, kana kwamba salamu zote zile zilikuwa zake. Mzee Rehani alimshika mkono, akainama, akamtamkia shahada taratibu, neno kwa neno. Hussen aliifuata. Majina yalikuwa yanaendelea kusomwa alipoacha kujibu.

Redio iliimba kidogo tena, ikakwaruza, ikanyamaza yenyewe.

Walimwosha kwa maji ya mvua, Mzee Rehani na Tomaso, huku Nasma amewapa mgongo. Sanda hawakuwa nayo. Nasma alivua doti yake ya kanga, akaipitisha nyuma bila kugeuka.

"Mungu anajua tulichokuwa nacho," Mzee Rehani alisema.

Walichimba kwa panga na kijiti cha ming'oko. Tomaso, ambaye si wa dini yao, ndiye aliyechimba zaidi ya wote. Kucha zilimtoka damu naye hakukubali kupokewa. Mzee Rehani alisali, Nasma nyuma yake, Tomaso amesimama pembeni ameinamisha kichwa. Waliweka magogo juu ya kaburi, wakakata alama katika miti minne kulizunguka.

Wenzake walipoanza kuondoka, Nasma alibaki nyuma kidogo.

"Nilisema mti umewalipa," aliliambia kaburi. "Nisamehe, mdogo wangu."

*

Siku iliyobaki na siku iliyofuata, Nasma hakuzikumbuka kwa mpangilio. Alikumbuka mgongo wa Tomaso mbele yake. Alikumbuka mjomba wake akiziuma betri kwa meno, akizipasha juu ya makaa, akiwasha, akingoja, akizirudisha mfukoni. Waliufuata mwelekeo wa mwisho walioukata kwenye miti, wakipanga mti kwa mti ili wasizunguke tena, kazi ya kwenda hatua hamsini na kugeuka nyuma kutazama alama, hatua hamsini na kugeuka nyuma. Mguu wake ulikuwa umevimba ukajaa raba yote. Mwanzoni uliuma. Baadaye uliacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi. Homa ilimfanya asikie salamu kwenye matone ya mvua.

"Sasa machela tunayo," Mzee Rehani alisema. "Panda."

"Nikipanda, hamtafika."

Jumamosi jioni Tomaso alisimama ghafla, akanyoosha mkono.

"Gari."

Hakuna mwingine aliyesikia. Kisha wakasikia wote, lori likinguruma kwenye mlima. Walitoka msituni kwenye lami kama watu waliotapikwa, wakakaa pembeni ya barabara bila nguvu ya kupunga mkono. Dereva alisimama mwenyewe. Alimtazama Mzee Rehani kwa makini, akasema, "Mzee, hebu fungua mdomo." Alipoliona pengo akapiga makofi. "Ndio nyinyi! Ndio nyinyi wa redioni!"

Mzee Rehani aliegemea gurudumu la lori akalia.

Walilala kwenye zahanati ya kijiji cha barabarani. Mtendaji wa kijiji alikuja na daftari, mtu mpole, akaandika yote, kaburi lilipo, jina la marehemu, jina la baba yake, Mingoyo. Tomaso alieleza kazi yao msituni bila kuficha kitu. Mgambo alikaa mlangoni kwake, naye hakulalamika.

Asubuhi, nesi Yustina alikata ile raba kwa mkasi. Aliutazama mguu juu na chini. Kisha akasema, "Mguu huu haulali hapa tena. Gari la Lindi linakuja saa nne. Wakupeleke moja kwa moja hospitali, wakupasue leo hii."

Mtendaji aliingia kumuaga Nasma. "Na yule kijana usiwe na wasiwasi," alisema kwa wema. "Nimeshapeleka jina redioni jana usiku. Leo saa saba watalisoma, ndugu zake watajua."

Nasma aliinuka kitandani.

"Lizuie."

"Nilizuie vipi? Ni utaratibu. Tutawapataje watu wake?"

"Nimeahidi. Mama yake asisikie redioni. Piga simu, tafadhali, kaka."

Alipiga. Simu ya kituo ilikuwa inatumika. Alipiga tena mara tatu, nne, kumi. Tangu dhoruba ipite, mkoa mzima ulikuwa unaipigia namba ile kuuliza watu wake. Mtendaji alimtazama Nasma akiwa na aibu, kana kwamba amefanya kosa, na hakuwa amefanya kosa lolote.

Kabla gari halijaondoka, Tomaso alimwita kutoka nyuma ya mgambo.

"Dada! Njia panda ya Mingoyo, nyuma ya mashine ya kukoboa. Bi Zakia. Uzio wa makuti, mpapai mlangoni." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwambie Tomaso hakumkimbia."

"Nitamwambia."

Mzee Rehani alibaki na mtendaji wakiendelea kupiga simu. Njia ilikuwa imeharibika. Walipita kwenye maji mara mbili, wakasukuma gari mara moja. Walipofika geti la hospitali Lindi, saa ya dereva ilisema saa sita na dakika kumi na tano. Nasma aliteremka akiruka kwa mguu mmoja, akampungia bodaboda.

"Dada, hospitali ndiyo hii," yule kijana wa bodaboda, Issa, alisema.

"Naiona. Nipeleke Mingoyo."

"Na mguu huo?"

"Mguu unakaa tu, hautembei wenyewe. Twende."

Dereva wa gari alimfokea, akimtajia nesi, akimtajia Mungu. Pikipiki ilikuwa imeshaondoka. Vidole viwili vya mguu ule vilikatwa Jumatatu. Nasma hakumuuliza daktari kama vingepona lau angeingia getini mchana ule, na daktari, kwa huruma yake, hakumwambia.

*

Bi Zakia alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda mbele ya jiko, kikaango cha vitumbua kimeinjikwa. Redio ilikuwa juu ya pipa la maji, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Ilikuwa inapiga muziki wa kusubiria saa.

"Hodi."

"Karibu. Vitumbua bado kidogo, mwanangu." Aliinua macho, akaona bandeji, suruali yenye damu, uso wa mtu mwenye homa. "Yallah! Umepata ajali? Kaa, kaa hapa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekuumiza?"

Nasma alikaa chini kwenye mkeka, karibu kabisa na kigoda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Yote yalikuwa yamekwisha.

"Mama, naomba tuzime redio kidogo."

"Inakaribia saa saba," Bi Zakia alisema. "Nasikilizaga..."

 Alimtazama mgeni huyu aliyetoka asikokujua, akamtazama mguu, akatazama mkono wa mgeni ulionyooka kuelekea redio na ambao haukuthubutu kuigusa bila ruhusa. Kijiti cha kugeuzia vitumbua kikaanza kutetemeka mkononi mwake. Kisha yeye mwenyewe akainuka, akaenda kwenye pipa, akazungusha kitufe. Muziki ukakatika.

Alirudi, akakiteremsha kikaango jikoni, akakiweka pembeni kwa uangalifu. Akakaa.

"Ni Hussen," alisema.

"Ni Hussen, mama."

Nasma alimshika mikono yote miwili. Bi Zakia hakupiga kelele. Aliinamia mbele polepole mpaka paji la uso wake likafika begani kwa Nasma, akabaki hapo, akalia kwa sauti ya chini ya mtu aliyekuwa na machozi hayo tangu zamani, na baadhi hayakuwa ya Hussen. Nasma alilia naye. Moto wa jiko ulikuwa unapungua.

"Alikuwa peke yake?" mama aliuliza baadaye.

"Hapana. Tulikuwa watatu. Tomaso hakumkimbia, mama, alimbeba mpaka mwisho. Mjomba wangu alimtamkia shahada, akaifuata yote. Na redio ilikuwa sikioni kwake."

"Ilikuwa inasema nini?"

"Salamu. Watu walikuwa wanasalimiana. Alikuwa anawajibu."

Bi Zakia alitikisa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea kitu na kukihesabu kama kimetimia.

Ng'ambo ya uzio wa makuti, jirani aliongeza sauti ya redio yake. Ule mlio wa saa ukapita, kisha sauti tulivu ya mtangazaji, kisha jina, na jina la baba, na jina la babu, na Mingoyo. Jirani akapiga ukemi wa kilio, sufuria ikaanguka huko, miguu ikaanza kukimbia kuelekea mlango wenye mpapai. Bi Zakia alilisikia lote hadi mwisho. Mkono wake, ndani ya mkono wa Nasma, ulikuwa umetulia.

"Usiondoke kwanza, mwanangu," alisema.

"Siondoki, mama," Nasma alisema, akauvuta ule mguu taratibu chini ya kanga ya mwenyeji wake, usionekane na wanaoingia, akakaa.